Kundi la Pili

Korido ya wodi ya kifua ina mita thelathini.
Niliipima mwenyewe kwa futi kamba ya seremala,
nikaweka koni huku na huku, na kati kiti
kwa atakayeishiwa.
Kanuni ni fupi: tembea dakika sita,
kwenda na kurudi, kwa mwendo wako.
Ukichoka simama. Saa haisimami.

Sechelela wa Mpunguzi alikuja Julai,
upepo unasukuma vumbi chini ya milango,
kitenge kakifunga hadi juu ya pua.
Kifua kikuu kilipona mwaka juzi,
cheti anacho, kimekunjwa mara nne.
Kifua chenyewe hakikupona.
"Mbukwa," aliniambia, akakaa kwanza,
ndipo akamalizia salamu.

Mita mia mbili na kumi. Aliketi mara mbili.
Kidude cha kidoleni kilisoma themanini na sita,
nikaandika themanini na sita.
Fomu haina mahali pa kuandika
kwamba huyu alipiga muheme,
ngoma kati ya mapaja, hadi jogoo wa pili,
na kwamba siku hizi kupuliza moto wa kuni
anamwita mjukuu.

Kisha bahasha. Zilitoka kwa mtakwimu
zimefungwa kwa gundi, nami sikujua kilichomo.
Hiyo ndiyo haki ya utafiti: kutochagua.
Jirani yake, Nyemo, waliyepanda naye bodaboda moja,
alipata kundi la kwanza, mazoezi, wiki nane.
Sechelela alipata la pili:
aendelee kama kawaida.

"Kawaida ipi?"
Nikatazama mwongozo. Mwongozo haukusema.

Nyemo nikamfundisha:
kuinuka kwenye kigoda bila mikono, mara kumi;
chupa mbili za mchanga wa korongo, inua, shusha;
vuta kwa pua, toa kwa midomo iliyobana,
taratibu,
kama unampozea uji mtoto
asiye na haraka.

Zabibu za msimu mdogo zikavunwa.
Septemba wakarudi, bodaboda ileile.
Nyemo: mia tatu na kumi.
Nilifurahi kimyakimya, mpimaji hapigi makofi.
Sechelela: mia mbili tisini na tano,
na kile kiti hakukigusa.
Nikaenda kupima korido upya,
nikidhani mfagiaji kasogeza koni.

"Mama, umefanya nini?"
"Kawaida."
Nyemo akacheka mpaka akakohoa,
akakohoa mpaka nikamletea maji,
halafu akanisimulia:
ua wa miiba, vigoda viwili,
mmoja huku, mmoja kule, chupa nne,
na Sechelela anapiga hesabu kwenye ndoo ya plastiki,
kumi ya kwanza polepole,
kumi ya pili kwa mdundo wa harusi.
"Ulitaka nifanye peke yangu," alisema,
"mwenzangu ananitazama tu?"

Sikuwa na jibu. Nikapiga simu.
Mtakwimu akanyamaza, akapumua kwa nguvu
(yeye mapafu yake ni mazima), akasema:
abaki alikopangwa. Ndivyo hesabu inavyotaka.
Kwa hiyo mita zake themanini na tano
zitasimama katika jedwali upande wa wasiofanya kitu,
zikipunguza tofauti,
zikishuhudia kwamba mazoezi si lolote sana.
Chini, kwa herufi ndogo, nimeruhusiwa mstari mmoja.
Nimeufuta mara tatu.

Waliondoka saa sita, jua la kupasua udongo.
Niliwafuata kwa macho kutoka dirishani.
Karibu na geti Sechelela akasimama,
na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye saa.
Lakini hakuwa ameshika kifua.
Alikuwa anamsubiri Nyemo,
kiatu kimemvuka.